Mungu Hakuwa na Udongo: Wakristo Wanamaanisha Nini Wanaposema Dunia Iliumbwa

Mwezi Juni 1844, miezi michache tu tangu afike pwani hii, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliketi hapa Mombasa na kadhi wa mji, wakaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hebu kiwaze kikao hicho: Mkristo kutoka Ulaya ambaye lugha bado inamteleza, na mwanachuoni wa Kiislamu anayeijua, wote wawili wameuinamia mstari mmoja unaosema kwamba hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Juu ya mstari huo hawakuwa na la kugombania. Mwezi uliofuata homa ikaingia nyumbani kwa Krapf. Mkewe, Rosine, alijifungua, kisha akafariki, na kichanga kikamfuata mamake. Kaburi liko Nyali hadi leo.

Sura tatu za kwanza za tafsiri ile zilichapishwa Marekani mwaka 1847, nazo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo habari ya uumbaji ina unasaba na mji huu. Nasema hivyo kwa sababu mijadala ninayoisikia, iwe barazani au kwenye matatu ya Bamburi, huishia palepale: siku sita zile ni saa 144 kamili au ni mabilioni ya miaka? Tumetokana na nyani au hatukutokana? Swali si baya, na nitalifikia. Ila fundisho lenyewe liko kwingine, na anayeanza na nyani hulipita bila kuliona.

Neno lenyewe lina tope

Tuanze na kitenzi. Katika lugha nyingi za Kibantu, ndugu za neno "kuumba" zina maana ya kufinyanga: mtu anaumba chungu, anaumba mtungi. Kiswahili kimelipandisha cheo neno hilo. Anayekaa chini na udongo wake tunamwita mfinyanzi, na kuumba tumemwachia Mungu. Kiebrania nacho kina adabu hiyohiyo. Kitenzi *bara*, kilichomo katika mstari wa kwanza wa Biblia, kikiwa na maana ya kuumba mtendaji wake huwa ni Mungu tu. Binadamu hujenga, hutengeneza, hufuma, hushona, lakini hapewi kitenzi hicho.

Cheo kimepanda, lakini tope halijatoka. Tukisikia "Mungu aliumba", wengi wetu humwona fundi mkubwa mno, mikono imelowa, na mbele yake kuna malighafi. Picha hiyo imo hata katika Maandiko: Mwanzo sura ya 2 yamwonyesha Mungu akimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi na kumpulizia pumzi puani, na manabii humwita Mungu mfinyanzi bila haya. Ni picha nzuri, lakini ina mwisho wake. Mfinyanzi halisi ana shida zake. Udongo ameukuta. Una mchanga mwingi au haunati, moto umekuwa mkali, chungu kimepasuka. Na baada ya jasho lote hilo, wahenga wamesema, mfinyanzi hulia gaeni.

Imani ya Kikristo inasema Mungu hakukuta udongo. Aliumba pasipo kitu chochote. Hapa ndipo ulimi hutukwaza, maana tunasema "aliumba kutoka utupu" na papo hapo huo utupu unageuka kuwa kitu, kama unga mwembamba sana usioonekana. Sivyo. Maana yake ni kwamba ukiuliza "Aliumba kwa kutumia nini?" jibu ni "Hakutumia." Hakukuwa na malighafi, wala giza lililokuwapo tangu milele likimsubiri, wala mpinzani wa kushindana naye.

Je, Mwanzo sura ya 1 yasema hivyo waziwazi? Kusema kweli, haisemi waziwazi. Mstari wa pili wataja nchi iliyokuwa "ukiwa, tena utupu", na vilindi vya maji, na msomaji ana haki ya kuuliza maji hayo yametoka wapi. Fundisho lilikomaa polepole. Katika Wamakabayo wa Pili 7:28, kitabu kilichomo katika Biblia za Wakatoliki na Waorthodoksi, mama anayeshuhudia wanawe saba wakiuawa kwa ajili ya imani amwambia wa mwisho atazame mbingu na nchi, ajue kuwa Mungu hakuvifanya kwa vitu vilivyokuwapo. Waebrania 11:3 yasema vitu vinavyoonekana "havikufanywa kwa vitu vilivyo dhahiri". Kisha ikaja karne ya 2, na ugomvi.

Ugomvi ulikuwa hivi. Wanafalsafa waliomfuata Plato walizoea kumfikiria Mungu kama fundi anayepanga vizuri maada iliyokuwapo siku zote. Wagnostiki wakaenda mbali zaidi: ulimwengu huu wa nyama na mawe ni kazi mbovu ya mungu mdogo, na mwokozi amekuja kututorosha kutoka humo. Marcion, mwalimu aliyehesabiwa mzushi, akasema Mungu wa Agano la Kale, aliyeumba, si Baba yake Yesu. Maaskofu Theofilo wa Antiokia na Irenei wa Lyon walisimama kupinga, na silaha yao ilikuwa ni hili la kuumba pasipo kitu. Tazama walichokuwa wakikilinda. Maada ikiwa haitokani na Mungu, mwili ni gereza. Mwili ukiwa gereza, Kristo hakuutwaa kwa kweli. Na asipoutwaa, hakuna ufufuko wa kungojea. Waliotetea Mwanzo 1 walikuwa wakiitetea Pasaka. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulipoyaandika hayo rasmi, ulikuwa unatia muhuri jambo lililokwisha kukubaliwa kwa muda mrefu.

Kwa muumini wa Mombasa fundisho hili lina uzito wa namna yake. Kanuni ya Imani husema Mungu ni mwumba wa vitu vyote "vinavyoonekana na visivyoonekana". Jumapili tunayasema haya kanisani kwa sauti moja. Jumanne mtoto akianza kuweweseka usiku, jirani anashauri tumtafute mganga, na nyumba nzima inaanza kuishi kana kwamba ulimwengu una wenyewe wawili. Sitaki kumdhihaki mtu, maana hofu ya majini na kurogwa ni hofu kweli, na wanaoibeba si wajinga. Lakini kama kila kisichoonekana nacho kiliumbwa, basi hata shetani mwenyewe ni kiumbe. Ana mwenyewe. Hakuna chochote huko gizani kilicho rika lake Mungu.

Si habari ya jana

Sasa twende kwenye fundo gumu zaidi. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alijua swali walilopenda kuuliza wajanja: Mungu alikuwa akifanya nini kabla hajaumba? Kuna jibu la mzaha lililokuwa likizunguka, kwamba alikuwa akiwaandalia jehanamu wadadisi. Agostino alikataa kulitumia. Jibu lake ni kwamba wakati nao uliumbwa. Hakuna "kabla", kwa sababu neno "kabla" lahitaji saa, na saa ni sehemu ya vilivyoumbwa. Mungu hakukaa karne nyingi akipiga miayo kisha siku moja akaamka na wazo.

Ukilikubali hilo, "hapo mwanzo" haiwezi tena kuwa tarehe tu. Ndiyo maana Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliweza kusema jambo ambalo bado huwashtua wanafunzi wa teolojia. Aliamini kwa ufunuo kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Ila alisema akili peke yake haiwezi kuthibitisha hivyo, na hata kama ulimwengu ungekuwapo tangu milele bado ungekuwa umeumbwa. Yaani kuumbwa ni kutegemea. Ni kitu kupokea kuwapo kwake kutoka kwa mwingine, sasa hivi, na kisipopokea hakipo.

Mfano wake ni wa hewa na jua: hewa huwa na mwanga maadamu jua linaangaza, wala haiwezi kujiwekea akiba. Sisi tunaoishi mahali stima inapopotea jioni bila hodi tunauelewa mfano huo vizuri. Mwanga uliokuwa umejaa sebule nzima haubaki hata nukta moja ukisema "mimi nimeshaingia, nitakaa". Vivyo hivyo na vitu. Chungu hubaki mfinyanzi akienda zake kulala. Kwa hapo mfano wa chungu unatudanganya. Zaburi ya 104 yasema juu ya wanyama kwamba Mungu akiiondoa pumzi yao wanakufa, na akiipeleka roho yake "wanaumbwa". Wanaumbwa, kwa wakati uliopo. Samaki waliopatikana leo asubuhi waliumbwa, kwa mujibu wa Zaburi, si zamani zile tu.

Majirani zetu Waislamu nao husoma kwamba Mwenyezi Mungu akitaka jambo huliambia "Kuwa", nalo likawa. Tuko karibu sana hapo, na yule kadhi wa 1844 hakuhitaji kumeza mate ili aufasiri mstari wa "Iwe nuru, ikawa nuru". Tunapoachana ni pale Wakristo wanaposema kwamba Neno lililotamkwa ni nafsi, ndiye yule ambaye kwa yeye "vyote vilifanyika", na akawa mwili. Irenei alisema Mungu ana mikono miwili ya kuumbia: Mwana na Roho. Paulo awaambia Wakolosai kwamba "vitu vyote hushikana katika yeye". Aliyetundikwa msalabani ndiye anayevishika. Mantiki yake ni nzito, na sitajifanya nimeimaliza kwa aya moja.

Zile siku sita

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliwahi kuniuliza: kama jua liliumbwa siku ya nne, siku tatu za kwanza zilihesabiwaje? Akadhani amenitega. Nikamwambia hajachelewa sana, kwani mwanateolojia Origen wa Aleksandria aliuliza vivyo hivyo katika karne ya 3, akahitimisha kuwa maandiko yale hayakukusudiwa kusomwa kama kumbukumbu za mhasibu. Agostino naye alizitafakari siku zile kwa miaka mingi, akaona ni vigumu mno kuzifikiria kama siku zetu. Hao waliishi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Darwin, hivyo hakuna wa kusema walikuwa wakiikimbia sayansi.

Wapo pia waliohesabu. Askofu James Ussher wa Ireland, mwaka 1650, alijumlisha umri wa mababu wa kwenye Biblia akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Na hadi leo yako makanisa mengi, hapa kwetu pia, yanayofundisha siku sita za saa 24. Watu hao ni ndugu zangu, na kinachowasukuma ni heshima kwa Neno. Mimi naona wanakihoji kitabu jambo ambalo hakikukusudia kulijibu.

Kilikusudia nini? Tuwaangalie majirani wa Israeli. Huko Babeli walisimulia kwamba Marduk alimuua Tiamat, bahari yenye ghadhabu, akaupasua mzoga wake akafanya mbingu na nchi. Kisha watu wakafanywa kwa damu ya mungu aliyeasi, ili wawabebee miungu mizigo. Kisha soma Mwanzo 1 polepole. Hakuna vita wala mzoga. Bahari haina ghadhabu, inaambiwa tu ikusanyike mahali pamoja. Jua na mwezi, waliokuwa miungu wakubwa wa eneo lile, hata majina hawatajwi: ni "mianga miwili mikubwa", iliyotundikwa siku ya nne kama taa za barabarani, kwa kazi ya kuonyesha majira. Kwa msikilizaji wa zama zile hiyo ilikuwa dharau ya makusudi, na jibu la swali la kijana wangu limo humo: jua limecheleweshwa makusudi, ili mtu asiliabudu.

Kisiwa chetu chenyewe kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Kuta za Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ni jiwe hilohilo. Ukilitazama kwa karibu waona viota vya vijidudu vya baharini vilivyojenga miamba hiyo zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Wanasayansi wanaikadiria dunia kuwa na umri wa miaka bilioni 4.5, na ulimwengu wote bilioni 13.8. Aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwamba ulimwengu unatanuka kutoka mwanzo mmoja mdogo mno alikuwa padre, Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwaka 1927 na tena 1931. Wakatoliki wenzake walipoifurahia nadharia yake kama uthibitisho wa "Iwe nuru", yeye hakupendezwa. Alijua kwamba fizikia hueleza namna hali moja ilivyozaa nyingine, ilhali uumbaji unajibu kwa nini kuna chochote kabisa. Kuhusu mageuko ya viumbe, Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 suala la asili ya mwili wa binadamu lichunguzwe na wataalamu, mradi ikiriwe kuwa roho imeumbwa na Mungu moja kwa moja. Mlango ulikwisha kufunguliwa, tukabaki kugombana kizingitini.

Mali ya mwenyewe

Kutoka Nyali ukielekea Kisauni unapita Kengeleni, na kengele yenyewe ipo. Ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Watu hao waliwahi kuuzwa kwa bei, na huko wakafundishwa kusoma kwamba Mungu aliumba mtu "kwa mfano wake", mwanamume na mwanamke. Katika Mashariki ya Kati ya kale, aliyeitwa mfano wa mungu alikuwa mfalme. Mwanzo 1 yatoa cheo hicho kwa kila binadamu. Bila shaka kuna aibu ya kuitaja: Wakristo waliijua aya hiyo karne nyingi, na wengi wao walinunua watu na kuuza vilevile. Hao Wareno wenye ngome yenye jina la Yesu hawakuwa tofauti. Fundisho lilikuwapo likiwahukumu.

Neno jingine lililotumiwa vibaya ni "mkatawale". Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White aliulaumu Ukristo kwa kuwapa watu wa Magharibi kibali cha kuichezea dunia wapendavyo. Lawama ilichoma kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Hata hivyo sura inayofuata yaeleza kazi ya mtu bustanini kuwa "ailime na kuitunza", na kitenzi cha Kiebrania kilichofasiriwa kutunza ndicho kile cha baraka ya makuhani, "Bwana akubarikie, na kukulinda". Shamba si letu. "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana", na mpangaji anayebomoa kuta za nyumba ana kesi na mwenye nyumba.

Bamburi wanajua pande zote mbili za habari hii. Machimbo ya saruji yaliacha jangwa la mwamba mweupe, joto la kuchoma miguu, maji yenye chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti humo. Mingi ilikataa, mivinje ikakubali. Majani yake hayakuoza hadi walipoletwa majongoo, wakayatafuna, na samadi yao ikawa udongo. Leo hapo ni msitu wenye twiga na viboko. Nampenda jongoo huyo. Mwanzo 1:25 yamhesabu kati ya vitambaavyo, na kwamba ni vyema, kabla binadamu hajatajwa. Upande wa pili ni Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi, hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi. Kama damu ya mtoto wa mtaa ule ni ya Mungu, basi kupima maji ya kisima ni jambo la dini.

Basi limebaki lile lisilofunguka. "Mungu akaona kila kitu alichokifanya, na tazama, ni chema sana." Je, homa iliyoingia nyumbani kwa Krapf nayo ni chema? Irenei alifikiri viumbe vilianza vyema lakini vichanga, kama mtoto asiyeweza bado chakula kigumu. Agostino alisema uovu hauna uwepo wake wenyewe. Ni pengo katika chema, kama tundu katika tanga. Paulo hakueleza chanzo, alisema tu kwamba viumbe vyote "vinaugua pamoja, navyo vina utungu pamoja hata sasa", na utungu aliouchagua ni wa mwanamke anayejifungua. Kwa Rosine, mfano huo unauma.

Krapf alipopata nafuu alirudi kwenye karatasi zake. Katika zile sura tatu zilizovuka bahari hadi Marekani yamo yote mawili, yameandikwa kwa Kiswahili cha hapa katika mwaka mmoja: neno kwamba kila kitu ni chema sana, na kurasa chache mbele, neno kwamba mtu ni mavumbi na mavumbini atarudi. Hakulifuta la kwanza.